Kopo Katikati ya Maji

Mjukuu wangu Zuhura alikuja juzi kutoka Dar es Salaam, na katika mizigo yake akatoa pakiti ya karatasi nene yenye kidirisha cha nailoni mbele. Akaiweka mezani taratibu utadhani anaweka yai.

"Bibi, hii ni sukari ya hali ya juu. Sukari mbichi ya miwa. Inatoka kisiwa kidogo, mbali huko. Hawaisafishi."

Nikamwambia, "Hawaisafishi, na wewe ukaibeba?"

"Ndiyo uzuri wenyewe, bibi! Watu wa mjini wanaigombania."

Mimi nimezeekea hapa Nachingwea, nimeuza korosho, nimeuza ufuta, nimeuza mbaazi. Mzigo ukiwa na mchanga unarudishwa nao nyumbani, na maneno juu. Leo naambiwa kuna watu wanaacha kusafisha kwa makusudi, na ndiyo inapendwa zaidi. Haya. Mtoto kashinda kwenye basi kutwa nzima, si vizuri kumpokea kwa ugomvi. Nikachukua kisu nikakata pembe ya pakiti.

Ikatoka harufu.

Sukari hii nyeupe tunayoijua haina harufu, ni tamu tu, basi. Hii ilinuka moshi. Ilinuka muwa ulioungua, ikanuka udongo uliopata mvua ya kwanza, na kwa mbali ikanuka nguo ya mtu aliyetoka safari. Nikakaa chini kwenye kigoda. Zuhura akashtuka, akadhani presha imepanda, akakimbilia mtungi.

"Rudisha maji yako," nikamwambia. "Sina presha. Nimefika Chunyu mara moja, narudi sasa hivi."

Chunyu, upande wa Ruangwa, ndiko nilikolelewa, kwenye mji wa bibi yangu mzaa mama. Baba alikuwepo, mtu mpole, mkulima mzuri. Lakini kwetu sisi mwenye sauti juu ya watoto ni mjomba, na mjomba wetu alikuwa mmoja tu, Selemani, kaka yake mama. Mtu mrefu, ana kicheko cha kukimbiza kuku. Ndiye aliyenifundisha kupiga mluzi, jambo ambalo bibi alilichukia mpaka anaingia kaburini.

Basi Mjomba Selemani aliondoka. Kila nikiuliza yuko wapi, naambiwa yuko kisiwani, kwenye kazi ya sukari. Hakuna zaidi. Mtoto wa wakati ule hakuelezwa mambo kama watoto wa leo. Ukiuliza mara ya pili, unatumwa kuni.

Ninyi mlio rika langu mnakumbuka miaka ile sukari ilivyokuwa adimu. Tulikunywa chai ya chumvi na tukashukuru. Sasa siku moja wakati wa kiangazi akapita kijana wa Marambo, alikuwa anafanya kazi pamoja na mjomba huko kisiwani, anarudi kwao kuoa. Akatua kwetu mfuko wa kitambaa, umefungwa kwa kamba ya mkonge.

"Selemani anasema hii ni ya shughuli ya Somoe," akasema. "Na mwenyewe atakuja, panapo majaliwa."

Somoe ni dada yangu. Alikuwa ndani, anachezwa unyago, na kwetu mwali hatoki mpaka mjomba wake awepo. Ya huko ndani siwaambii. Aliyepita anayajua, ambaye hakupita hayamhusu. Ninachosema ni kwamba nyumba nzima ilikuwa inamsubiri mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa katikati ya bahari.

Bibi akafungua mfuko. Sikuwa nimewahi kuona sukari ya rangi ile. Ilikuwa ya kahawia, inang'aa chembe chembe, imelowa kidogo, sawasawa kabisa na mchanga wa korongoni kwetu maji yakishapita. Bibi akanitilia chembe kiganjani. Nikaramba. Nusura nimeze na kiganja.

Yule kijana alikuwa msemaji. Huku anakula mihogo ya bibi akatuhadithia kisiwa. "Chenyewe kidogo! Ukipanda juu ya mnazi unaona bahari huku, bahari huku, na huku bahari. Na sukari tunavyoitoa, mama! Magunia kwa magunia. Malori yanakwenda bandarini kutwa, yanarudi matupu, yanakwenda tena yamejaa. Hatupumziki."

Wakubwa wakasema, "Lo!" Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya mlango, naramba kiganja ambacho hakikuwa na kitu tena, nami nikaanza kumhofia mjomba.

Nieleze kwa nini. Nyuma ya nyumba ya bibi palikuwa na shimo la udongo. Kila mtu aliyejenga au kusiriba nyumba pale kijijini alichota hapo. Mwanzo lilikuwa dogo, ndama angeweza kuliruka. Watu wakachota, wakachota, wakafuata ule udongo mzuri wa rangi nyekundu kuelekea chini ya jiko la jirani yetu, Bi Hadija. Masika yale yaliyopita jiko likateremka. Halikuanguka kama ukuta unavyoanguka. Liliteremka taratibu, zima zima, na mafiga yake na chungu chake cha kunde kikichemka. Bi Hadija akasimama ukingoni, mwiko mkononi, anapiga kelele: "Mmechimba mpaka chini ya mboga yangu!"

Watu walicheka mwezi mzima. Mimi sikucheka. Nilijifunza jambo: kila kinachotolewa ardhini kinaacha shimo, na aliyesimama juu ya shimo anateremka nalo. Siku hizi vijana wanaochimba dhahabu kule Namungo wanalijua hilo. Mimi nililijua kabla sijaota meno yote ya mbele.

Na hapo nyumbani bibi akafanya jambo la kawaida kabisa, ambalo mama zenu nao walifanya. Alimimina ile sukari kwenye kopo la bati, akachukua sahani, akatia maji, akasimamisha kopo katikati ya sahani ili sisimizi wasiingie.

Nikakiona kisiwa. Nilikiona kwa macho yangu haya. Sukari katikati, maji pande zote. Asubuhi sukari imejaa mpaka juu, jioni imeshuka. Kila kijiko, kimeshuka. Sisimizi mmoja alikuwa amebahatika kuvuka, sijui kwa njia gani, anazunguka kwenye mdomo wa kopo, huku na huku, hana pa kwenda. Nikamtoa kwa unyasi. Yule alikuwa mjomba wangu.

Na ushahidi nilikuwa nao. Katika sukari ile nilikuta kitu chembamba kama uzi mgumu, cha manjano. Mzizi! Nani asiyejua mizizi? Ukichimba udongo lazima ukute mizizi. Nikaufunga kwenye pindo la kanga yangu, nikatembea nao.

Mtaniuliza, kwa nini hukusema? Ningesemaje? Bibi yangu alikuwa na sheria moja kuu kuliko zote: msafiri hachuriwi. Aliye njiani au ugenini, husemi ataumwa, husemi atapotea, na kifo hukitaji hata kwa mzaha. Ukikitaja umekiita. Mwaka uliotangulia niliropoka kuhusu babu mmoja aliyekwenda Lindi, nikasema, "Na gari likipinduka je?" Bibi alinishika shavu, akanipaka jivu ulimini, akanisimamisha nyuma ya mlango mpaka yule babu aliporudi akiwa mzima, ana samaki mkononi. Jivu lina ladha mbaya sana. Kwa hiyo neno "mjomba atazama" lilikaa kooni kwangu kama mfupa wa samaki, silitemi wala silimezi.

Nikaona basi, kama siwezi kusema, nitazuia.

Nikaacha kutia sukari kwenye chai yangu. Mama akanishika kichwa, akasema mtoto ana homa. Bibi akasema ni minyoo, akanipa dawa chungu ya majani, nikainywa bila sukari. Hilo halikutosha, maana mimi mmoja nilikuwa nakula kiasi gani? Tatizo lilikuwa wageni. Shughuli ilikuwa inakaribia, na kila mwanamke aliyekuja kutwanga au kupepeta alipewa chai. Nikahamia karibu na kopo. Nikawa nalala mchana kando yake. Mgeni akipiga hodi, mimi nimeshakamata kifuniko.

Bi Hadija ndiye aliyenitesa. Tangu apoteze jiko alikuwa anapikia kwetu, na katika maisha yake alikuwa hajaona sukari nyingi namna ile. Kikombe kimoja, anatia, anatia, anakoroga, anaonja, anatia tena. Namwona kabisa anavyomchimbia mjomba miguuni.

"Bi Hadija, shikamoo. Imetosha," nikamwambia siku moja.

"Marahaba. Nini imetosha?"

"Sukari. Chai ikizidi sukari inaumiza meno."

Akanichekea, na meno yenyewe hakuwa nayo mengi. "Hebu mwoneni huyu! Sukari ya mjomba wake kaifanya mahari yake. Mtoto, ondoa mkono."

Sikuondoa. Nikafunga kopo. Mama aliona aibu mpaka akageuka kutazama ukuta. Bibi hakugeuka. Bibi alinipiga kofi moja mkononi, akafungua kopo mwenyewe, akamtilia Bi Hadija kijiko kilichojaa, na huku ananitazama mimi.

"Mke mwenzangu," akaniambia, maana ndivyo alivyoniita siku za furaha, na siku zile alilitumia kama fimbo, "kwenye mji huu hatujapata kuwa na mchoyo. Wewe umetoka wapi?"

Jivu nilikuwa nalikumbuka.

Kuanzia hapo nikapewa jina. Bi Hadija alikuwa na binti wa umri wangu, Mwanahawa, mwenye sauti ya filimbi, naye ndiye aliyelitangaza. Nikipita kwenda kisimani, watoto nyuma yangu: "Funga Kopo! Funga Kopo! Mgeni huyoo!" Wanakimbia wanajifanya kukumbatia kopo, wanaangaza macho kama bundi. Kijiji kizima kikanijua. Hata shehe aliponikuta njiani aliniuliza, "Hujambo, Funga Kopo?" Nikamjibu sijambo. Ningesema nini?

Msidhani nilikuwa mnyonge. Nilikuwa na hasira na nilikuwa na kazi. Nilikuwa nimechonga kijiti, nikakitia masizi, na kila bibi akienda shamba nakitumbukiza kwenye kopo nione kisiwa kimefika wapi. Kilishuka vibaya. Siku walipopika uji wa wanawake waliokuja kufundisha nyimbo, kilishuka mpaka nikakimbilia kwenye mgomba nikalia peke yangu, kisha nikafuta uso nikarudi kulinda kilichobaki.

Shughuli ikabaki siku chache. Udongo ukachotwa, wanawake wakaanza kusiriba nyumba ipendeze. Na mjomba hajafika. Watu wazima walikuwa wanasema maneno ya watu wazima: labda chombo, labda ruhusa, labda kesho. Bibi alikuwa anatoka mara kwa mara anasimama barabarani, mkono juu ya macho, anarudi. Mimi niliona na yeye anajua. Nikaona na yeye ana mfupa kooni. Nilimhurumia bibi yangu, hata kama alinipiga.

Ilikuwa mchana kweupe, Bi Hadija yuko juu ya kinu kilichopinduliwa anasiriba sehemu za juu, mama anampa udongo, mimi nabeba maji. Nikasikia mluzi.

Kulikuwa na mtu mmoja tu aliyepiga mluzi ule. Maji niliyaacha palepale. Nilimkuta kwenye mkorosho wa mwisho, kikapu begani, kofia nyuma ya kichwa, mavumbi mpaka magotini. Wengine walimkimbilia wakamkumbatia, mama analia, Bi Hadija anapiga vigelegele na udongo mikononi. Mimi nilikuwa naitazama miguu yake. Mikavu. Mikavu kabisa, imepasuka visigino kama ya mtu yeyote.

Msafiri amefika. Sheria imekwisha. Mdomo wangu ukafunguka kama mlango uliokuwa umekwama.

"Shikamoo mjomba. Kimebaki kiasi gani?"

"Marahaba mpwa wangu! Kimebaki nini?"

"Kisiwa."

Akanitazama. Nikaona hanielewi, nikamsaidia: "Mnachimba upande gani? Mnaacha ukingo? Msichimbe karibu na mnapolala, mjomba. Mimi huku nimezuia nilivyoweza, lakini hawa wanakula sana. Bi Hadija ndiye zaidi."

"Nani kakwambia tunachimba?"

Nikafungua pindo la kanga, nikampa ule uzi. "Mzizi wenyewe huu hapa. Ulikuwa kwenye sukari."

Mjomba akauchukua, akaugeuza, akautia mdomoni akautafuna kidogo. Hakucheka mara moja, na kwa hilo nampenda mpaka leo. Alichuchumaa uso wake ukawa sawa na wangu.

"Kwa hiyo wewe ulikuwa unafunga kopo ili mimi nisizame?"

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. Hapo ndipo kicheko kilipomtoka, kuku wote wa bibi wakapanda juu ya paa. Bi Hadija akapiga mikono kichwani, akasahau ina udongo.

"Astaghfirullah! Kumbe mtoto alikuwa anaogopa yasimpate mjomba wake kama ya jiko langu! Na mimi namwita mchoyo!"

"Ulichimba mpaka chini ya mjomba," nikamwambia, na safari hii hakuna aliyenipiga.

Bibi alikuwa amesimama mlangoni. Kwetu mkubwa hakumwomba mtoto radhi, haikuwepo, na sisemi ilikuwa vibaya. Aliingia ndani, akatoka na kikombe cha chai. Ilikuwa tamu kama asali. "Kunywa, mke mwenzangu," akasema. Akasimama hapo mpaka nikamaliza, ndipo akapokea kikombe.

Kesho yake mjomba akanichukua bondeni, kwenye miwa yetu wenyewe. Miwa tuliijua tangu tumezaliwa. Tuliimenya kwa meno, tukatafuna, tukatema makapi njiani. Kwamba miwa na sukari ni ndugu, hakuna aliyewahi kuniambia, na mimi ningejuaje? Kimoja kinaota, kingine kinakaa kwenye kopo.

Mjomba akakata mizigo miwili. "Huko kuna mashine ya kukamua, kubwa kuliko msikiti," akasema. "Hapa mashine ni wewe na mama yako." Tukamenya, tukakata vipande, tukatwanga kwenye kinu, tukakamua kwa kitambaa cha kaniki. Yakatoka maji ya kijivu yasiyopendeza. Nikamtazama mjomba kwa mashaka. Akasema, subiri.

Akateleka sufuria kubwa juu ya mafiga. Povu chafu likapanda, akaliengua kwa kata, likapanda tena, akaliengua. Watoto wakaanza kusogea, Mwanahawa akiwa mbele, hakuna aliyethubutu kutaja kopo. Maji yakapungua. Yakawa ya manjano, yakawa mekundu, mapovu yakaacha kukimbia, yakawa makubwa na mazito, yanapumua kama uji wa mtama. Na harufu ikapanda. Moshi, muwa, udongo wa mvua ya kwanza. Kijiji kizima kilisimama kikanusa. Mzee mmoja aliacha jembe shambani akaja na kamba tu mkononi, mbuzi mwenyewe kamsahau.

Mjomba akadondosha tone kwenye maji ya baridi. Likaganda, akalibonyeza kwa kidole, akasema tayari. Akaipua. Halafu akanipa mwiko.

"Hapa ndipo kazi ilipo. Ukiiacha itulie, itakuwa jiwe moja, utaivunja kwa shoka. Ukiikoroga inapopoa, inajikata yenyewe, inakuwa chembe. Koroga, usisimame."

Nikakoroga. Mkono ukaniuma, nikabadilisha mkono. Ilikuwa nzito, inavuta, inang'ang'ania mwiko. Halafu ghafla nikasikia inakwaruza. Nikatazama ndani ya sufuria, na mbele ya macho yangu ile gundi nyekundu ilikuwa inageuka mchanga. Mchanga wa korongoni. Mchanga wa kisiwa!

Nilipiga mluzi, bibi yuko palepale. Hakuniambia kitu.

Mjomba akaokota kapi moja kwenye makapi tuliyokamua, akalichambua uzi mmoja, akauweka kiganjani kwangu kando ya ule mzizi wangu. Walikuwa mapacha. Kisha akanirudisha bondeni, akanionyesha visiki vya miwa aliyoikata.

"Umeona nimeng'oa?"

"Hukung'oa."

"Hatung'oi. Tunakata juu, chini inabaki, mvua ikinyesha inaota tena. Kisiwa hakipungui, mpwa wangu. Kinanyolewa tu. Kesho kutwa Somoe anatoka, atanyolewa kichwa. Kichwa kitapungua?"

Nikacheka mpaka nikakaa chini kwenye tope.

Siku ya kutoka mwali, Somoe alitolewa, kichwa kinang'aa kwa mafuta, kanga mpya za mjomba zinanuka duka, ngoma inalia, wanawake wamefunga vibwebwe. Mimi nilipewa kazi ambayo watoto hawapewi. Bibi alinikabidhi kopo na kijiko mbele ya watu wote, akasema kwa sauti, "Leo mwenye sukari ni huyu. Mwenye kikombe apite kwake."

Wakapanga mstari, wanacheka. Bi Hadija akaja na kikombe chake cha bati, kikubwa, anajifanya kuogopa. "Funga Kopo, mama yangu, utanipa japo kidogo?"

Nikamtilia. Nikamtilia tena. Nikatia mpaka chai ikaanza kumwagika na kijiko kikasimama chenyewe.

"Basi! Basi, mama, utaniua!"

"Kunywa, Bi Hadija," nikamwambia. "Inaota."

Aliinywa yote. Alikuwa mwanamke wa kweli.

Mjomba alirudi kisiwani baada ya shughuli, na mimi sikumlilia. Masika yalipoanza nilikwenda bondeni peke yangu, nikakuta kila kisiki kimetoa machipukizi, makali kama ncha za visu vya kijani. Nikajua na huko aliko ni hivyohivyo. Alikwenda na kurudi misimu mingi, kila safari na mfuko wake wa kitambaa, mpaka alipochoka, akajenga Chunyu, akapanda mikorosho. Alizeeka vizuri. Alifia kitandani kwake, mchana, wajukuu wamejaa chumba. Nilimshika miguu siku ile. Ilikuwa mikavu.

Hayo yote nilimhadithia Zuhura, chai inachemka. Kama kisiwa cha pakiti yake ni kile cha mjomba au kingine, sijui, na sikuvaa miwani kusoma. Niliimimina kwenye kopo, nikachukua sahani, nikatia maji, nikalisimamisha kopo katikati.

"Bibi, si ungeiacha kwenye pakiti yake? Ina zipu."

"Sisimizi wa Nachingwea hawajui zipu."

Tukiwa hapo tukasikia hodi. Sauti ya filimbi, imezeeka lakini ileile. Mwanahawa, binti wa Bi Hadija, aliolewa huku kama mimi, nyumba ya tatu kutoka kwangu.

"Hodi, Funga Kopo! Nasikia harufu ya Chunyu mpaka barabarani!"

Akaingia na fimbo yake, akaketi. Zuhura, mtoto wa mjini, akachukua kijiko kidogo, akamnyunyizia chembe kwa adabu. "Bibi, hii inatakiwa kidogo tu, ni ya gharama."

Nikamnyang'anya kijiko. Nikachota kilichojaa, nikatia kwenye kikombe cha Mwanahawa, nikachota tena. Yeye akaweka kiganja juu ya kikombe, anacheka, meno hana mengi, kama mama yake.

"Basi, jamani, basi. Utaimaliza."

"Ondoa mkono, Mwanahawa," nikamwambia. "Kunywa. Kisiwa kipo."